Tambi za mboga badala ya pasta: maswali na majibu

Zukini (mboga ya jamii ya maboga yenye umbo la tango), karoti au kabichi hukatwa vipande virefu vyembamba, hupitishwa motoni dakika chache, kisha humwagiwa mchuzi. Ni chakula cha haraka kinachopendwa na wanaopunguza wanga, wanaokwepa gluteni (protini ya ngano) na wale wanaotaka tu mboga ziongezeke kwenye sahani. Yafuatayo ni maswali ambayo huulizwa sana kuhusu tambi hizi.

Kwani tambi za mboga zinaweza kweli kuchukua nafasi ya pasta?

Kwa macho, ndiyo. Kwa tumbo, hapana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Pasta ya ngano ni chakula cha wanga: gramu 200 zikishaiva zina takriban kilokalori 310, wanga gramu 60 na protini gramu 11 hivi. Zukini ya uzito huohuo ina kilokalori kama 35, wanga gramu 6 na protini isiyofika gramu 3. Karibu asilimia 95 ya zukini ni maji. Ukiila na mchuzi wa nyanya peke yake utahisi umeshiba, lakini muda si mrefu utaanza kuzunguka jikoni ukitafuta biskuti.

Mimi huzihesabu tambi hizi kuwa mboga, basi. Mboga iliyokatwa vizuri, lakini mboga. Ukizihesabu hivyo utajiuliza mapema: protini ya mlo huu iko wapi? Mayai mawili yanakupa protini kama gramu 12. Gramu 100 za maharage yaliyoiva zinakupa 8 au 9, pamoja na nyuzinyuzi nyingi. Samaki, kuku, dengu na karanga pia hufaa. Na kama huna sababu ya kiafya ya kupunguza wanga, changanya nusu pasta na nusu mboga. Kwa maoni yangu huo ndio mchanganyiko bora kwa familia nyingi, ingawa hausifiwi sana na wapenda mitindo ya kupunguza mwili.

Zitanisaidia kupunguza uzito?

Zinaweza, ila angalia unachozimwagia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kilokalori 120 hivi. Vijiko vitatu vinakaribia 360, yaani kushinda ile sahani nzima ya pasta uliyoikimbia. Malai na jibini ni hivyohivyo. Mafuta usiyaache kabisa, kwa sababu mwili huyahitaji ili kufyonza ile rangi ya chungwa ya karoti na viazi vitamu ambayo huigeuza kuwa vitamini A. Kijiko kimoja kwa watu wawili kinatosha kazi hiyo.

Mboga ipi inafaa zaidi?

Zukini huiva upesi na haina ladha kali, hivyo hupokea mchuzi wowote. Kasoro yake ni maji. Kwa anayeanza, ningemshauri kabichi: kata nyuzi nyembamba, kaanga, na utapata kitu kinachoshika mchuzi vizuri, chenye nyuzinyuzi zaidi ya mara mbili ya zukini. Karoti ina utamu wake na haivunjiki ovyo. Viazi vitamu navyo hukatika tambi nzuri, lakini vina gramu 20 za wanga katika kila gramu 100, kwa hiyo anayehesabu wanga asivihesabu pamoja na zukini. Kuna pia boga la tambi, ambalo likiokwa nyama yake hujichambua yenyewe kwa uma. Ni zuri sana, ila huchukua dakika 40 au zaidi kwenye oveni, na hapa tunazungumzia chakula cha haraka.

Biringanya hukatwa bapa kwa urefu na kuwekwa mahali pa zile karatasi za lazanya. Kwa umbo la tambi hulegea na kuwa uji.

Mbona zangu kila mara hugeuka supu?

Hili ndilo swali lenye kilio kikubwa kuliko yote. Maji ya mboga yamefungiwa ndani ya seli. Joto hupasua kuta za seli hizo, chumvi huyavuta maji nje, na mfuniko huyazuia yasipae. Mpishi anayetia chumvi mapema, akafunika kikaango, akaacha dakika kumi, amejipikia supu kwa hiari yake.

Anza kwenye kukata. Katikati ya zukini, penye mbegu, ndipo penye maji mengi na ulaini. Kata pande zote ukifika kwenye mbegu simama, kiini hicho ukakitie kwenye mchuzi. Usikate nyembamba mno. Unene wa kijiti cha kiberiti huhimili moto. Ukikata nyembamba kama nywele, tambi zitayeyuka.

Kisha pika mchuzi kwanza, mpaka uwe mzito kuliko ule unaouzoea kwa pasta. Pasta hunyonya mchuzi. Mboga huongeza maji kwenye mchuzi. Mchuzi ukiwa tayari, chukua kikaango kipana, kipashe hasa, tia mafuta kidogo, halafu tambi. Usizirundike. Kikaango kikijaa, joto hushuka na mboga huanza kuchemka kwenye maji yake zenyewe. Bora upike mafungu mawili. Zukini huhitaji dakika 2 hadi 3, karoti 4 au 5, kabichi 5 hadi 7, viazi vitamu 6 hadi 8. Zitoe zikiwa bado na ukakamavu kidogo, kwa sababu zitaendelea kuiva sahani ikiwa mezani. Chumvi iwe ya mwisho.

Wapo wanaonyunyizia chumvi kwanza kwa makusudi, wakaacha dakika 15, kisha wakakamua kwa kitambaa safi. Njia hiyo inafanya kazi, lakini sehemu ya chumvi hubaki ndani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaa kijiko cha chai, na hapo umeshahesabu iliyomo kwenye mkate, jibini na sosi za chupa. Mwenye shinikizo la juu la damu atumie kikaango cha moto, aachane na ujanja wa chumvi.

Lazima ninunue kile kifaa cha kuzungusha mboga ili zikatike tambi?

Hapana. Kisu cha kumenyea viazi hutoa utepe mpana mzuri, na kikwaruzo cha karoti chenye matundu makubwa, ukikwaruza kwa urefu wa mboga, hutoa nyuzi. Kabichi inahitaji kisu tu. Kama unacho kile kifaa, kioshe mara moja baada ya kutumia, na vidole vyako viwe mbali na meno yake.

Nipe mlo wa dakika 15.

Kaanga kitunguu saumu kwenye kijiko cha mafuta, tia nyanya tatu zilizokatwa, ziache zikauke hadi ziwe nzito. Gonga mayai manne juu yake, funika mpaka ute ushike. Pembeni, kaanga tambi za zukini dakika mbili, pakua, weka mayai na mchuzi wake juu. Hiyo ni ya watu wawili, na kipande cha mkate wa ngano isiyokobolewa kinakaribishwa.

Kama una maharage au dengu zilizokwisha kuchemshwa, kaanga kabichi na karoti kwa pamoja, tia tangawizi, changanya na maharage, malizia na ndimu na karanga zilizotwangwa. Hii hushibisha kuliko ya kwanza, na kesho yake bado inalika.

Nina kisukari na natumia dawa. Naweza kubadilisha pasta yote?

Unaweza kufaidika, kwa sababu wanga ndio unaopandisha sukari ya damu zaidi kuliko kirutubisho kingine chochote, na kushuka kutoka gramu 60 hadi 6 kwa mlo mmoja si jambo dogo. Lakini udogo huohuo wa wanga unaweza kukuangusha. Ukidunga insulini, au ukimeza dawa za jamii ya glibenklamidi na gliklazidi, kipimo chako kimepangwa kwa kutegemea wanga unaokula. Ukiuondoa ghafla na dawa ikabaki vilevile, sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa.

Zungumza na anayekutibu kabla ya kubadilisha. Usipunguze dawa mwenyewe. Pima sukari kabla ya mlo na saa mbili baadaye katika siku za mwanzo. Ikishuka, chukua gramu 15 za sukari inayofanya kazi haraka, kwa mfano nusu kikombe cha juisi ya matunda au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha pima tena baada ya dakika 15. Mtu aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Huyo apelekwe hospitali. Wanaotumia vidonge vya kisukari vya empagliflozini au dapagliflozini wana tahadhari yao ya ziada: kukata wanga kupita kiasi kunaweza kuwaletea asidi ya ketoni kwenye damu (tindikali itokayo mwili unapochoma mafuta badala ya wanga), hali ya hatari, hata sukari ikiwa haijapanda sana.

Kwa wengi wenye kisukari, kuanza na nusu kwa nusu ni salama na rahisi kulizoea.

Na zile za pakiti: za dengu, za kijani, za konjaki (mmea wa Asia)?

Hizo ni vitu vitatu tofauti. Tambi za dengu au njegere hutengenezwa kwa unga wa kunde: zikiwa kavu, gramu 100 huwa na protini gramu 20 au zaidi, wakati za ngano zina 13 hivi, na nyuzinyuzi zake ni nyingi. Kalori hazitofautiani sana. Zikipitiliza motoni dakika moja tu hupondeka.

Za kijani au nyekundu mara nyingi ni ngano iliyotiwa unga kidogo wa mchicha au nyanya. Soma orodha ya viambato: kinachotangulia ndicho kingi. Ukikuta ngano mbele na mchicha mwishoni, umenunua rangi.

Za konjaki ni maji kwa zaidi ya asilimia 95, na kilichobaki ni nyuzinyuzi inayovimba. Zioshe vizuri kuondoa harufu, zikaushe kwenye kikaango bila mafuta, uzitafune sawasawa. Mwenye shida ya kumeza asizile.

Watoto je?

Wape pamoja na chakula cha nguvu, si badala yake. Tumbo la mtoto ni dogo na mahitaji yake ni makubwa. Ukilijaza maji ya zukini atakosa nguvu za kukua. Kwa wadogo, karoti iive hadi ipondeke kwa kidole na tambi zikatwe fupi, kwa sababu karoti mbichi na nyuzi ndefu huweza kuwapalia.

Nani mwingine awe mwangalifu?

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kabichi na majani ya kijani vina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Huhitaji kuziacha, kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki na umjulishe daktari ukibadilisha mlo. Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu achemshe mboga kwa maji mengi na kuyamwaga. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo wake hudhuriwa na gluteni, ajue kwamba mboga haina gluteni lakini sosi ya soya ya kawaida ina ngano, na chujio lililotumika kwa pasta hubaki na mabaki yake. Tumbo likijaa gesi, ongeza nyuzinyuzi kidogokidogo.

Zukini yangu ilikuwa chungu. Niile tu?

Itupe. Mimea ya jamii ya maboga, zukini na matango ikiwamo, inaweza kutengeneza sumu chungu iitwayo kukabitasini, na kupika hakuiondoi. Huleta maumivu ya tumbo, kutapika na kuharisha. Mwaka 2015 huko Ujerumani mzee wa miaka 79 alifariki baada ya kula zukini chungu za bustanini. Hatari ni kubwa zaidi kwa mbegu zilizohifadhiwa nyumbani, maana zukini huchavushana na maboga ya mapambo. Onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika, ukisikia uchungu mkali tema. Uchungu mdogo wa biringanya ni jambo jingine, huo hauna neno.

Naweza kukata za siku kadhaa?

Mbichi, ndiyo: osha mboga kabla ya kukata, zikaushe, tandika kitambaa safi au karatasi ya jikoni kwenye chombo, funika, weka kwenye friji bila chumvi. Zukini hukaa siku mbili au tatu, karoti na kabichi zaidi kidogo. Zilizopikwa ziingie frijini ndani ya saa mbili na ziliwe ndani ya siku tatu. Kwenye friza usiweke za zukini. Zikiyeyuka hazifai kwa lolote isipokuwa supu.