Karen Blixen hakuijenga ile nyumba yake

Kila nikienda makumbusho ya Karen Blixen hapa Nairobi lazima nisikie mtu akimwambia mwenzake ati huyu mama mwandishi kutoka Denmark ndiye alijenga hii nyumba. Jamani, hapana. Ilijengwa 1912 na injinia Mswidi, Åke Sjögren, na wakati huo Karen hata hajafika huku, yeye alikuja 1914, wakainunua na bwanake 1917, akakaa hadi 1931 shamba la kahawa lilipomshinda.

Na ukiiangalia vizuri, haikuchorwa kwa ajili ya mwandishi yeyote, ni bangalo tu kama zile walowezi walikuwa wanajenga Nairobi enzi hizo: kuta za mawe, paa la vigae, vyumba vikubwa vimepangwa kwa upana bila ghorofa, halafu veranda. Hiyo veranda ndiyo naipenda zaidi, ukisimama pale kuna kivuli, baridi kidogo, na milima ya Ngong iko mbele yako.

Makumbusho yalifunguliwa 1986. Ukipeleka watoto, tafadhali waambie jina la Sjögren pia, kazi ni yake.