“Nilimpa, Akapona”

Jana tena. Matatu ya Umoja, foleni imetufunga Jogoo Road, Nairobi, mama mmoja ananiapia kwamba tangawizi yake, ndimu na kitunguu saumu vinaponya mafua. “Nilimpa mtoto Jumatatu, Ijumaa akawa anacheza.” Mama, mafua ya Jumatatu mara nyingi Ijumaa yamepungua hata kwa chai ya maziwa!

Mimi ni mtakwimu wa majaribio ya tiba. Nalipwa kuuliza swali moja la kero: asingepewa, ingekuwaje? Hatua za sayansi, yaani dhana, vipimo, kurudia jaribio, hizo mlifundishwa shuleni. Watu huteleza kwenye ulinganisho, madaktari pia.

Chukua dripu. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono baridi, mapigo hafifu, mwongozo ulisema amiminiwe maji mengi mshipani harakaharaka. Nani angebisha? Likaja jaribio la FEAST, matokeo yakatoka 2011: watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. (Wa kuhara hawakuingizwa, kwa hiyo tafadhali usimnyime maji mtoto anayeharisha.) Wote walipata dawa na maji ya polepole; kura ya bahati nasibu ndiyo iliyoamua nani amiminiwe. Si daktari, kwa sababu daktari akichagua mwenyewe huwapa walio hoi zaidi, halafu unalinganisha nini na nini?

Ndani ya saa 48, waliomiminiwa walikufa takriban 10.5 katika kila 100. Wasiomiminiwa, 7.3. Na linaloniumiza kichwa ni hili: saa moja baadaye, walioonekana kupata nafuu walikuwa wengi zaidi kwa waliomiminiwa kuliko kwa wenzao. Muuguzi aliyeapa kwamba aliona mtoto akizinduka hakusema uongo. Aliona kweli.

Kwa nini walikufa? Wengi tulidhani mapafu yalijaa maji; uchambuzi wa 2013 ukaelekeza zaidi kwenye moyo na mzunguko wa damu. Ubishi haujaisha. Na je, matokeo hayo yanafaa wodi yenye mashine za kupumulia, ambazo hospitali zile hazikuwa nazo? Hapo hata mimi nasita.

Mama akauliza kama namwambia dawa yake ni bure. La. Nilimwambia hajui, nami sijui, mpaka tupate watoto wengi wenye mafua tuwapigie kura, nusu wapewe, nusu wasipewe.

“Na nani atakubali wake awe wa kutopewa?” akasema, akashuka Donholm.