Usitupe chogo: kufufua mashine ya gemu ya zamani

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Uyole aliniletea kwa pikapu kabati la gemu la kimo cha mtu, lililotoka Japani, lenye chogo, yaani kile kioo cha zamani chenye mgongo mkubwa. Bodi ilikuwa imeoza kwa unyevu wa masika, na panya walikuwa wameshatandika makazi ndani. "Fundi, toa hilo chogo, weka flati, wajukuu wacheze," akasema. Nikamwambia, "Mzee wangu, kilichokufa ni bodi. Kioo ni kizima, nipe siku chache."

Chogo nalitetea kwa sababu gemu za enzi zile zilichorewa kioo cha namna hiyo. Pac-Man ya 1980 ina nukta 224 kwa 288 tu. Kwenye flati kubwa kila nukta inageuka tofali. Kwenye chogo kingo zake zinalainika, na macho yanaona umbo alilolikusudia mchoraji.

Shida ni masafa. Monita hiyo huchora mistari kama 15,700 kwa sekunde, ilhali VGA, ile soketi ya kawaida ya kompyuta ya kutolea picha, hutoa 31,500 hivi. Ukiziunganisha kienyeji picha inachanika, na transista inayosukuma mistari inaweza kuungua. Halafu rangi za VGA zina nguvu ya volti 0.7, ndogo mno kwa monita hizi, picha inafifia. Nilitumia Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye bodi ndogo ya nyongeza inayokaa juu ya pini zake 40: inatoa masafa yale ya mistari 15,700, inakuza rangi, na inaingia kwenye soketi ileile ya JAMMA (mpangilio wa kawaida wa waya za mashine za gemu) ya pini 56 iliyoshika bodi ya zamani. Joistiki na vitufe vilibaki na waya zake. Sikukata hata mmoja, na hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Tafadhali, kabla hujagusa nyuma ya kioo: kinaweza kushikilia maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi. Mimi hufunga waya kwenye fremu ya chuma, upande wa pili kwenye bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, kisha napenyeza ncha chini ya kile kikombe cha mpira kilichobandikwa nyuma ya kioo, mkono mmoja ukiwa mfukoni. Na transfoma ya ndani usiiondoe. Monita nyingi za aina hii chesisi yake, yaani bodi inayoendesha kioo, haijatengwa na umeme wa ukutani. Hiyo transfoma ndiyo inayoitenga. Kushusha 230 zetu kuwa 100 za Japani ni kazi ya transfoma nyingine, ya nje.

Pawa saplai ya zamani niliipima ikiwa na mzigo: volti 4.5. Raspberry Pi huanza kulalamika ikishuka chini ya 4.63, inaonyesha alama ya radi na kupunguza kasi. Niliweka mpya, waya nene na fupi.

Kilichobaki ni memori kadi, ambayo huharibika umeme ukikatika wakati inaandikwa. Niliifunga isomwe tu. Kwa hiyo ukizima mashine, alama zote zinafutika. Wajukuu wanaziandika kwenye daftari lililoning'inizwa kwa kamba ubavuni mwa kabati, na Jumamosi naenda kuwawekea flashi ya kuhifadhia alama peke yake.