Mikscha kwenye simuleta ya ndege za vita ni nini hasa, na kwa nini injini inazingua ukishuka

Wengi wakianza IL-2 au DCS, zile gemu za kurusha ndege za vita, wanajua throto tu basi, yaani wenzo wa nguvu ya injini. Mikscha wanaiona ipo ipo kwenye orodha ya vitufe, wanaiacha asilimia 100 toka wanapaa mpaka wanatunguliwa, halafu wanalalamika eti Yak, ndege ya vita ya Kirusi, haina nguvu huko juu. Sasa mikscha ni uwiano wa petroli na hewa vinavyoingia kwenye silinda, hakuna kingine. Ukiusukuma wenzo wake mbele huongezi nguvu, unaongeza petroli kwenye hewa ileile, na hewa ikiwa haitoshi hiyo petroli haiungui yote, inatokea kwenye egzosi ikiwa moshi mweusi ambao adui anauona toka mbali tu.

Kihesabu, kilo 1 ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini ya ndege ikitakiwa kutoa nguvu kubwa inapewa petroli zaidi kidogo ya hapo, yaani hewa kilo 12 au 13 hivi kwa kilo 1, na ile petroli iliyozidi inasaidia kupooza silinda na kuzuia injini isigonge. Ukiwa unasafiri zako taratibu huna haraka unaibana inakuwa nyepesi, yaani petroli kidogo kwa hewa ileile, mafuta yanakaa. Nzito, yenye petroli nyingi, ndo wanaita richi.

Mpaka hapo kila mtu anaelewa, kinachochanganya ni urefu wa kwenda juu. Sisi Dar tupo usawa wa bahari, hewa imejaa. Pale kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, presha ya hewa ni karibu nusu ya hii ya kwetu, na mapigano mengi kwenye gemu yanafika huko bila hata mtu kushtuka. Kabureta ya kawaida haijui kama hewa imepungua, inaendelea kumwaga petroli karibu kiasi kilekile, kwa hiyo kadri unavyopanda mikscha inazidi kuwa nzito yenyewe hata kama mkono hujaugusa. Fundi bodaboda yeyote anakuelewa hapa, pikipiki aliyoituni Tandale akiipandisha Lushoto inaanza kuwa nzito na plagi inatoka nyeusi. Ndo maana ukipanda unapunguza. Kwenye Yak-1 na ndugu zake wa Kirusi wenye mikscha ya mkono, kuanzia kilomita 3 au 4 hivi anza kuirudisha nyuma kidogo kidogo.

Kidogo kidogo kiasi gani? Hapa watu wanadanganyana sana. Utaambiwa angalia mizunguko ya injini, ikipanda umepatia. Hiyo inafanya kazi kwenye kindege kama Po-2 chenye propela isiyobadilika pembe, ila ndege nyingi za kivita za wakati ule zina gavana inayoshikilia mizunguko palepale, injini ikipata nguvu zaidi gavana inageuza mapanga yaume hewa zaidi na sindano ya mizunguko haitikisiki hata kidogo, wewe unakaa unaikodolea macho unasema mbona hamna tofauti. Angalia spidi bwana. Nyoosha ndege, usiguse throto, punguza mikscha kidogo halafu subiri, spidi ikijivuta juu na moshi ukaisha uko sawa, endelea kidogo tena, injini ikianza kukohoa au spidi ikaanguka rudisha mbele hatua moja. Kusubiri ndo kazi maana ndege haijibu hapohapo, na ukifanya huku unakata kona utasoma uongo mtupu.

Halafu kushuka, na kwangu mimi hii ndo sehemu kubwa kuliko zote. Uko kilomita 5 umebana mikscha vizuri, unamuona mtu chini, unapiga dive mpaka mita 800, throto yote mbele. Hewa imerudi nyingi ila petroli bado ni ile ya kule juu, sasa injini ina njaa. Inapiga-piga, joto linapanda, nguvu hamna, na hapo ndo ulikuwa unaihitaji kuliko wakati wowote. Mikscha irudishe mbele kabla hujainamisha pua, usisubiri ufike chini maana ukiwa nyuma ya mkia wa mtu hutakumbuka.

Za Wajerumani wala usihangaike. Bf 109 inapuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda na mikscha inajipanga yenyewe, Fw 190 A ndo kabisa, ina kifaa kinachopanga mikscha, pembe ya propela na presha ya hewa kwa throto hiyohiyo moja. Wengine wanasema ni ubwege kurusha hizo, mi naona ni akili, mikono inabaki na kazi ya kulenga.

Za Kimarekani kama P-40 na P-47 ziko katikati na ndo zinawapotosha wengi. Wenzo una nafasi ya auto richi, hapo kuna kifaa kinachopima presha ya hewa na kupunguza petroli chenyewe. Mtu anadhani mbele zaidi ni nguvu zaidi, anausukuma mpaka mwisho, kumbe kaitoa kwenye auto kaiweka full richi, nafasi ya dharura kifaa kile kikiharibika. Iache auto richi upigane, ukiwa safarini weka auto nyepesi.

Injini za Merlin kwenye ndege za Waingereza, Spitfire na Hurricane za 1940, zilikuwa na shida yao tofauti. Ukisukuma pua chini ghafla petroli inarushwa juu ndani ya kabureta, injini inakata, halafu inarudi imefurika. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling aliwatengenezea kisahani chenye tundu la kubana petroli, kufurika kukapungua sana. Hilo mikscha haikusaidii, unapindua ndege tumbo juu kwanza ndo unavuta fimbo kushuka.

Na ukishatua P-47 yako ukaipaki, injini huizimi kwa swichi kwanza. Unavuta mikscha nyuma mpaka mwisho, petroli inakatika, propela inasimama yenyewe, ndo unazima swichi.