Milango Minne ya Moyo na Koo la Mtoto Lililopuuzwa

Ukitaka kuujua moyo wa binadamu bila kufungua kitabu, nenda kwenye bucha la kitimoto asubuhi, kabla wateja hawajajaa, uombe moyo mzima wa nguruwe. Hapa Mbeya si kitu cha kutafuta sana. Jaribu Uyole, Mwanjelwa au Mbalizi. Usishangae ukiukuta umechanwa upande mmoja, mkaguzi wa nyama alikuwa akitafuta tegu. Asiyekula nguruwe achukue wa mbuzi: mpangilio ni uleule, ila ni mdogo. Nimeutaja wa nguruwe kwa sababu kwa ukubwa na kwa umbo ndio unaoukaribia zaidi wetu, ambao kwa mtu mzima una uzito wa gramu 250 hadi 350 na hautofautiani sana na ngumi ya mwenyewe.

Uoshe, kisha kabla hujatia kisu ubonyeze kwa kidole gumba pande zote mbili. Upande mmoja unabonyea kirahisi, mwingine nyama yake imeshikana na ni ngumu. Huo mgumu ndio wa kushoto. Kwa mtu mwenye afya ukuta wake una unene wa karibu sentimeta 1, na wa kulia haufiki nusu yake. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika mwilini, yenye wekundu wa kiza, na kuipeleka kwenye mapafu ambayo yako hapo hapo jirani. Wa kushoto huipokea ikirudi kutoka mapafuni na oksijeni yake, kisha lazima uifikishe kwenye ubongo, kwenye figo, hadi unyayoni. Kwa hiyo tuna moyo mmoja wenye pampu mbili zinazopiga kwa pamoja, kila moja na chumba cha juu cha kupokelea na chumba cha chini cha kusukumia. Damu ya upande mmoja haichanganyiki na ya upande mwingine, isipokuwa kwa mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye ukuta wa kati.

Shinikizo katika chumba cha chini cha kulia hupanda hadi karibu 25 hivi. La kushoto hufika 120, na hiyo ndiyo namba ya juu anayokusomea muuguzi akikupima presha. Mtu anayeishi na presha ya 170 kwa miaka anaulazimisha ukuta huo kusukuma kwa nguvu ya ziada kila pigo, nao, kwa kuwa ni msuli, hunenepa. Unene huo si afya. Ukuta hukakamaa, chumba hakijai vizuri, mwishowe moyo huchoka. Mwenyewe muda wote huo hasikii kitu, analima na kupanda milima kama kawaida, ndiyo maana tunasema kila siku kwamba presha hupimwa, haisubiriwi.

Jambo dogo kabla sijaendelea: moyo hauko kushoto kabisa. Uko katikati ya kifua nyuma ya mfupa wa kidari, umeegemea kushoto, na ncha yake ndiyo unayoisikia ikigonga chini ya chuchu.

Sasa rudi kwenye sinia lako. Juu ya moyo tafuta mshipa mnene wenye ukuta mweupe unaovutika, unaotoka upande ule mgumu. Hiyo ni aota. Mimina maji ndani yake polepole kwa kikombe. Kama kisu cha mchinjaji hakijaharibu kitu, maji yatasimama. Chungulia: utaona vipande vitatu vyembamba, karibu vinapitisha mwanga, kila kimoja kimejaa maji kama mfuko na vyote vimekutana katikati bila kuacha nafasi. Hiyo ni valvu ya aota. Haina msuli wake wala haipokei amri. Damu inayotoka huifungua, damu inayotaka kurudi huifunga, basi.

Ukiona maji yanashuka taratibu ingawa valvu imefunga, usiilaumu. Hapo juu yake kuna matundu mawili madogo yanayoingia kwenye nyama ya moyo wenyewe. Watu hudhani moyo, kwa kuwa umejaa damu saa zote, hunywa humo humo ndani. Hapana. Hulishwa na mishipa miwili inayoanzia kwenye matundu hayo, na upande wa kushoto hulishwa zaidi pale moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, si wakati unapojikaza. Moja ya mishipa hiyo ikiziba ghafla, sehemu ya msuli huanza kufa; hapo mtu hushikwa na maumivu ya kubana katikati ya kifua, jasho jembamba, wakati mwingine maumivu yakipanda taya au kushuka mkono wa kushoto. Huyo apelekwe hospitali mara moja, asipewe magadi.

Moyo una valvu nne. Mbili ni za kutokea, ya aota na ile ya mshipa uendao mapafuni. Mbili ziko ndani, kati ya chumba cha juu na cha chini, moja kila upande. Ninayotaka uione vizuri ni ya ndani kushoto, tunayoiita valvu ya mitrali. Pasua ukuta mgumu kwa urefu, kutoka kwenye ncha kwenda juu, na uufungue taratibu. Utaona vipande viwili vyeupe, laini, na kutoka kwenye kingo zake zimeshuka nyuzi nyingi, nyeupe pia, zikashika kwenye vinundu vya msuli ukutani. Vuta uzi mmoja kwa kucha. Ni mwembamba lakini haukatiki kirahisi. Kazi yake ni kuizuia valvu isipinduke kuelekea juu chumba cha chini kinapojikaza. Mtu aliyekaa tu, moyo wake hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, yaani karibu mara 100,000 kwa siku, na kila pigo nyuzi hizo hukazwa na kulegea. Kila pigo hutoa mililita 70 hivi za damu, jumla lita 5 kwa dakika. Mpandishe mtu huyo huyo mlima kwenda ziwa Ngosi, lita hizo 5 zitafika 15 au 20, zote zikipita kwenye valvu hiyo hiyo. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam ataona moyo wake unakwenda mbio kuliko wa mwenyeji, na asiogope: Mbeya iko kama meta 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kwa siku za mwanzo moyo hufidia kwa kuongeza kasi.

Daktari akiweka kipimo chake kifuani husikia sauti mbili kwa kila pigo. Ya kwanza, nzito kidogo, ni valvu za ndani zikifunga. Ya pili, fupi, ni zile za kutokea. Kipimo chenyewe tunadaiwa na aibu ya Mfaransa René Laennec, ambaye mwaka 1816 aliona haya kulaza sikio kwenye kifua cha mwanamke akakunja karatasi na kusikilizia kwayo. Valvu isiyofunga vizuri, au isiyofunguka vizuri, huongeza mvumo kati ya sauti hizo. Ndipo wengi wa wagonjwa wetu wanapogundulika, na wengi wao ni vijana.

Valvu ya kijana haiharibiki kwa uzee. Mara nyingi iliharibiwa akiwa na miaka kati ya 5 na 15, na ilianzia kooni. Kuna bakteria aitwaye streptokoka anayeleta mafindofindo. Mtoto huumwa ghafla, homa, hamezi mate, tezi za shingo zimevimba. Baada ya siku chache hupona hata asipopewa dawa, na hapo ndipo penye hatari, maana mzazi huona yamekwisha. Wiki mbili, tatu, nne baadaye, kinga ya mwili iliyoandaliwa kumpiga bakteria yule huanza kupiga viungo vya mtoto mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya sehemu za bakteria zinafanana na za mwili wetu. Goti huvimba na kuuma, kesho kutwa goti limepoa na kifundo cha mguu ndicho kinachouma, kisha kiwiko. Wengine hurusharusha mikono bila kutaka, na shuleni huchapwa kwa utundu.

Huku kwetu Makete, Njombe na Mufindi, mwezi wa sita na wa saba barafu ikilala kwenye majani, maumivu hayo hupewa jibu jepesi: baridi imemwingia mtoto kwenye mifupa. Anafunikwa, anasuguliwa mafuta, yanaondoka. Maumivu ya viungo huondoka kweli, hayaachi hata alama. Kilichopigwa na kubaki na kovu ni valvu. Baridi yenyewe haina kosa, isipokuwa hutukusanya: watoto wanne kitanda kimoja, bweni limefungwa madirisha, na bakteria wa koo husafiri kwa kikohozi na mate.

Shambulio moja linaweza kupita bila madhara makubwa. Yakijirudia, vile vipande laini ulivyoviona kwenye sinia hunenepa, kingo zake hugandana, nyuzi hufupika. Mlango ambao kwa kawaida una upana wa sentimeta za mraba 4 hadi 6 hubaki na 1 na ushei. Aliyewahi kukwama mlima Kitonga lori limeharibikia kwenye kona anajua kinachofuata: shida iko juu, lakini msururu unakwenda nyuma hadi Mahenge. Nyuma ya valvu ya mitrali ni mapafu. Damu hurundikana humo, na mgonjwa hukosa pumzi kwenye mwinuko alioupanda bila taabu mwaka jana, halafu hawezi kulala bila mito mitatu, halafu anakohoa usiku, pengine makohozi yenye damu. Wengine huanzishiwa dawa za kifua kikuu ambacho hawana. Chumba cha juu kikitanuka, damu hutulia humo na kuganda, kipande kikichomoka na kwenda kichwani tunapata kiharusi kwa mtu wa miaka 25.

Kwa wanawake, mara nyingi mimba ndiyo hutoa siri. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na mlango uliobanwa haukubali. Binti aliyekuwa mzima anafika kliniki miezi sita akihema, anaambiwa ni mimba tu, avumilie. Mama mjamzito anayeshindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, au anayekohoa usiku, asikilizwe moyo. Nasema hivi kwa wauguzi na madaktari wenzangu kuliko kwa wagonjwa.

Matibabu yapo. Kipimo cha eko, kinachotumia mawimbi ya sauti kama kile cha kumtazama mtoto tumboni, huonyesha valvu ikicheza. Iliyobanwa huweza kutanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, na iliyoharibika kabisa hubadilishwa kwa upasuaji. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam hufanya kazi hiyo. Lakini valvu ya bandia ya chuma humfunga mtu na dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, dawa inayotaka kupimwa damu mara kwa mara na yenye hatari zake kwa mimba. Kwa binti wa Ludewa anayetembea nusu siku kufika kwenye maabara, hiyo si habari ndogo.

Ndiyo maana naona fedha na nguvu zetu zielekezwe kooni. Si kila koo linalouma linahitaji dawa: mtoto mwenye mafua yanayotiririka na kikohozi mara nyingi ana kirusi, na penisilini haimsaidii. Yule wa homa ya ghafla, koo jekundu lenye usaha na tezi shingoni, bila mafua, apelekwe zahanati. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inakinga moyo. Ni sindano moja ya penisilini ya muda mrefu, au vidonge vya siku 10, na siku 10 si siku 3, hata kama mtoto ameshaanza kucheza mpira. Kukata kimeo hakumwondoi bakteria huyu. Huleta damu na kidonda kingine juu ya kile cha kwanza.

Mtoto ambaye tayari ameshapata shambulio huchomwa sindano hiyo kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, wengine hadi wavuke 21 na zaidi ikiwa valvu imeguswa. Inauma, siwezi kudanganya, na wengi hukatisha pale wanapojiunga na shule ya bweni au familia inapohamia shambani msimu wa mvua. Mwanao akichaguliwa kwenda sekondari ya mbali, omba kliniki barua fupi yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya sindano inayofuata, uikabidhi kwa mkono kwa matroni au patroni siku ile ile ya kuripoti, na umwonyeshe mtoto mwenyewe zahanati iliyo karibu na shule kabla hujapanda gari kurudi.