Uchungu Ukianza Usiku, Nani Mwenye Kauli?

Kwenye darasa letu la wajawazito hapa Mombasa, kabla ya lishe na nepi nauliza: uchungu ukianza saa nane za usiku, nani mwenye kauli nyumbani? Mara nyingi si mjamzito. Ni mume aliye zamu bandarini, au mavyaa. Ndiyo maana twawaita wote.

Anayekaa Likoni akihamishiwa Hospitali Kuu ya Pwani, iliyoko kisiwani, ana kivuko mbele yake. Dereva wa tuktuk anayelala mtaani, nauli, na mtu wa kubaki na watoto vipangwe tangu mwezi wa saba wa mimba. Usajili wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nao usingoje chupa ivunjike.

Yapo yasiyongoja kupambazuke: kutokwa na damu, homa, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana huku macho yakiona ukungu. Miguu kuvimba jioni huwapata wengi. Uso na mikono ikivimba, njooni. Hali hiyo yaweza kufikia kifafa cha mimba, ambacho huku kwetu husingiziwa pepo. Dua na isomwe, hata garini. Ila mwenye degedege asinyweshwe chochote, hata kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Alazwe ubavu, afikishwe hospitalini apate dawa ya kuzuia degedege na kushusha presha.

Kliniki ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani hushauri mahudhurio 8. Kwa kuwa Pwani ina malaria, kuanzia wiki ya 13 mama hupewa vidonge vya kuikinga, pamoja na chandarua. Tembe za kuongeza damu zisimezwe na chai, kwani chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Maji ya machungwa ni bora.

Mtoto akizaliwa, maziwa ya kwanza ya manjano asinyimwe, na hata joto la kaskazi halimhalalishii maji kabla ya miezi 6. Wanja wa machoni huweza kuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu. Asali ingoje atimize mwaka.

Uji wa pilipili manga na kukandwa sina ugomvi navyo. Lakini pedi ikilowa damu chapachapa ndani ya saa moja, rudini hospitalini mara moja. Na kliniki ya wiki mbili iko ndani ya arobaini: mavyaa, mruhusu mzazi atoke, ikiwezekana mfuatane.