Kushuka mteremko gari likiwa frii hakuokoi mafuta

Madereva wengi bado huamini kwamba kushuka mteremko mrefu, kama ule wa Kitonga mkoani Iringa, gari likiwa frii, yaani bila gia yoyote, huokoa mafuta. Imani hiyo ilikuwa na msingi enzi za kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, kwa kuwa injini iliyozungushwa kwa kasi na magurudumu iliendelea kuvuta petroli hata dereva alipoondoa mguu kwenye pedali. Katika injini zinazoongozwa na kompyuta mambo ni kinyume. Sensa moja huarifu kwamba pedali imeachiwa, na nyingine, iliyo karibu na kranki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), huhesabu mizunguko yake. Gari likiwa kwenye gia na mizunguko ikiwa bado juu, kompyuta hufunga nozeli zote zinazonyunyizia injini mafuta, na injini huzungushwa na magurudumu pasipo kuchoma hata tone. Mizunguko ikishuka mno, nozeli hufunguliwa tena ili injini isizime. Ukiweka frii, kompyuta hulazimika kuilisha injini muda wote, nawe unabaki na breki pekee, ambazo kwenye kona za Kitonga hupata moto upesi. Kwenye mteremko mdogo sana, ambako gia ingepunguza mwendo na kukulazimisha kukanyaga mafuta tena, hesabu yaweza kubadilika kidogo.